Chale Mbili Mkiani, Moja Shingoni

Asubuhi ya mwisho ya maisha yetu ya kawaida, mama yangu alinigombeza kwa sababu ya mkono wa kushoto. Hakuna jambo jingine lililotokea asubuhi ile. Ziwa Tanganyika lilikuwa limetulia, mikeke ilivuliwa kwa wingi, na sisi wanawake wa ufukoni tulikaa juu ya mawe yetu, visu mkononi, tukitumbua samaki na kusema watu. Mukeke ni samaki mrefu, mwenye mafuta. Ukimpasua mgongoni na kumfungua, ukambanika juu ya moto mdogo kwa subira, anaweza kupanda nawe mpaka milimani bila kuoza.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Kongo, kusini ya Baraka. Hakuna mwanamke aliyekuwa na moto wake peke yake. Tulibanika pamoja, nyumba sita au saba juu ya kichanja kimoja, na ili tusitoane macho wakati wa kupakua, kila nyumba ilikuwa na chale zake. Tulizikata kwenye ngozi ya samaki kabla hajawekwa motoni. Chale za nyumba yetu zilikuwa mbili mkiani na moja shingoni. Mama alizipokea kwa mama yake, naye akanipa mimi. Ila mimi ni wa mkono wa kushoto, kwa hiyo za mama ziliinamia kulia na zangu ziliinamia kushoto. Ufuko mzima ulijua.

“Samaki mkunje angali mbichi,” mama alisema asubuhi ile, akinigonga kwenye kiwiko. “Wewe nilichelewa, Mapendo. Umeshakauka.”

Wanawake walicheka, na mimi nilicheka nao. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilijua pia kwamba kila tulipopakua, mama alitafuta samaki wangu kwanza, akawageuzageuza, akahakikisha hakuna anayemwona.

Mchana tulikula. Kichwa cha samaki kilikuwa cha mama, siku zote. Kaka yangu mkubwa, Wilondja, ambaye namwita Yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu, alikuwa na mchezo wa kukinyemelea kwa vidole.

“Utakila nikishakufa,” mama alimwambia, akanyonya jicho la samaki.

Baada ya chakula wakapanda shambani kung'oa mihogo, mama na Yaya. Mimi nikarudi kwenye moto.

Saa tisa tukasikia risasi upande wa barabara.

Watu walikimbilia mlimani. Mimi nilipoteza muda kuokoa samaki. Nasema ukweli: nilikuwa nawatoa motoni wasiungue wakati kijiji kinatoroka. Nilipoinua kichwa, wanaume wenye bunduki walikuwa wamesimama kati yangu na njia.

Sitasema walikuwa kundi gani. Watoto wa watu wa namna hiyo nimekaa nao benchi moja kanisani huku Amerika, na hakuna mtoto anayechagua baba yake.

Walitukusanya wanawake kumi na wanne, wakatuweka katika ghala la zamani la pamba, mwendo mfupi kutoka majini. Wavuvi waliwafungia kwingine. Kazi yetu ilikuwa ileile tuliyoifanya tangu utoto, ila sasa ilikuwa yao. Asubuhi walituhesabu mlangoni. Tulitumbua, tulipara, tulibanika, tulipanga samaki kwenye vikapu. Tulikula matumbo na mabaki. Jumapili hapakuwa na Jumapili. Kulikuwa na mjane mmoja, Mama Sifa, aliyekuwa akiongoza kwaya yetu ya kanisa, na yeye ndiye aliyetufanya tubaki watu: alipanga zamu ya kulala mbali na mlango, alitulazimisha kusukana nywele, alitutungia sauti ya pili na ya tatu tukiimba midomo imefungwa. Yaliyotokea kwa baadhi yetu ndani ya ghala lile nayajua. Si yangu peke yangu, na leo siyasemi.

Unaweza kushangaa kwamba tulicheka. Tulicheka. Mama Sifa alikuwa akiiga matembezi ya kamanda, tumbo mbele, na sisi tukaficha nyuso katika vikapu. Ukifungwa miezi, unaishi miezi.

Baada ya muda nikaona samaki wanakwenda wapi. Walipakiwa kwenye baiskeli na kusukumwa mpaka soko la milimani, kule walikokimbilia watu wetu. Askari walitaka unga, na wa milimani walitaka samaki. Vita au si vita, tumbo halina likizo.

Hapo ndipo nikapata wazo. Mpaka siku ile tulikuwa tukibanika samaki watupu bila alama, kwani za nini, samaki wote walikuwa wa mwizi mmoja. Nikaanza kukata chale. Si kwa wote. Mmoja katika kila kikapu, mbili mkiani na moja shingoni, kwa mkono wa kushoto. Nilijua mama akikutana na samaki yule hatahitaji barua.

Mama Sifa aliniona siku ya pili.

“Hizo chale unaandikia nani?”

“Mama.”

“Na akisoma?”

Nilidhani ananionea wivu, kwa kuwa yeye hakuwa na mtu wa kumwandikia. Sikulielewa swali lake. Nikaendelea kukata.

Sijui zilipita wiki ngapi. Siku hiyo askari walikuwa wakali, kwa sababu juzi yake walishambuliwa na wenzao wawili wakafa. Tulikuwa uani tunapanga kuni. Nikasikia sauti kwenye kizuizi cha barabarani.

Nikaijua kabla sijageuka.

Alikuwa amebeba beseni la unga kichwani. Mkononi alishika kitu kilichofungwa katika jani la mgomba. Alikifungua mbele ya askari kijana, akamwonyesha kwa kidole.

“Ni ya mutoto wangu,” alisema. “Angalia. Ni mukono yake hii. Nimeleta bunga, munipatie mutoto wangu.”

Askari alimchukua samaki, akamgeuza. Akahesabu chale. Akamwita mwenzake.

“Hii ni alama,” mwenzake alisema. “Huyu mwanamuke anabeba alama.”

Mama aliendelea kueleza. Alieleza kama anavyomweleza mtoto, pole pole, akionyesha zinavyoinama.

Nilifungua mdomo. Mkono wa Mama Sifa ukaniziba.

Risasi ilikuwa moja.

Unga ulimwagika barabarani. Nakumbuka nilifikiri: umekuwa mchafu, hauwezi kuokotwa. Akili yangu ilishika unga kwa sababu haikuweza kushika kile kingine.

Kamanda alikuja na samaki yule mkononi. Alitupanga mstari. Alitaka kujua nani anatumia samaki kuwapigia adui simu.

“Bon,” alisema. “Kila moja achukue samaki. Akate alama yake hapa, mbele yangu.”

Walitupa visu. Mama Sifa alikuwa wa kwanza. Alikata mbili mkiani na moja shingoni, na akazilaza kushoto, kwa mkono wake wa kulia, kifundo kimepinda. Hakuniangalia.

Wa pili akakata vilevile.

Wa tatu. Wa nne. Wote.

Ilipofika zamu yangu nilikata na mimi, kwa mkono wa kulia, ule ambao mama alitaka niutumie maisha yangu yote. Zikalala kushoto, kama zao. Mpaka leo nashangaa.

Kamanda alipita mbele ya samaki kumi na wanne. “Ndiyo desturi yetu, Kamanda,” Mama Sifa alisema. “Moto uingie vizuri.” Kamanda alitazama samaki, alitutazama sisi, akamtupa yule wake chini akaondoka.

Walihitaji watu wa kuzika. Mama Sifa alijitolea, akanishika mkono, akasema huyu ana nguvu. Tukachimba kando ya barabara, kwenye mchanga laini. Nilimzika mama yangu kama mgeni. Sikuruhusiwa kulia, kwa kuwa anayelia ni mwenye maiti, na mwenye maiti ndiye mwenye chale. Nilimfunga kitambaa chake vizuri kichwani. Nilimfuta unga usoni. Halafu nikarudi kwenye visu, kwa sababu mikeke ya siku ile ilikuwa bado haijatumbuliwa.

Miezi miwili baadaye kundi jingine lilikuja, na hawa waliotushika wakaondoka asubuhi bila kutuaga. Tulitembea. Mama Sifa alibaki Baraka na homa iliyommaliza kabla ya mvua. Mimi nilivuka ziwa mpaka Tanzania, na katika kambi ya wakimbizi, kwenye foleni ya maharagwe, nikamkuta Yaya.

Tulikumbatiana mpaka watu wa nyuma wakatupita kwenye foleni. Kisha akaniambia: “Mama alishuka kutafuta chumvi. Vita ikamukuta njiani.”

Nilisema, “Nilisikia.”

Hayo tu. Ningeweza kumwambia siku ile. Lakini nilikuwa na mtu mmoja tu aliyebaki duniani wa tumbo moja na mimi, na niliogopa macho yake. Niliona wazi atakavyoniangalia: huyu ndiye aliyemwita mama akafa. Nikanyamaza siku ya kwanza, na siku ya kwanza ikawa miaka. Tulikaa kambini miaka kumi na moja, vibanda vyetu vikitazamana.

Amerika ilitugawa. Yaya walimpeleka Buffalo na mke wake. Mimi na binti yangu Neema, aliyezaliwa kambini, tulipelekwa Louisville. Huko, katika eneo la viwanda la Jeffersontown, kazi ya kwanza niliyopewa, Mungu ana utani wake, ilikuwa ya samaki. Walikuja wamegandishwa, hawana vichwa, hawana jina. Sisi tuliwakata vipande kwenye mkanda unaotembea, tumevaa glavu mbili mbili. Supavaiza alinihamisha mara tatu kwa sababu mkono wangu wa kushoto uligongana na wa jirani. Mwishowe nilijifunza kukata kulia, kwa saa nane, kila kipande sawa na chenzake. Hakuna aliyeweza kujua huyu amepita mkononi mwa nani. Wenzangu walilalamika baridi. Mimi, kwa kweli, nilipumzika.

Vidole vilipoanza kufa ganzi, tukahamia Columbus, nikaingia kazi ya kutunza wazee. Ndivyo nilivyofika nyumbani kwa Bibi Hana, huko Clintonville. Ana karibu miaka tisini, mdogo wa mwili, mkali wa ulimi, Mmarekani mwenye asili ya Japani. Yeye anasema nimwite Hana tu. Siwezi. Mtu wa umri ule huwezi kumtaja jina kavu kama unaita kuku.

Siku moja mwaka huu aliniagiza samaki mzima kutoka duka la Waasia. Nilimpara kwenye sinki lake, yeye amekaa mezani na chai. Nilijisahau, nikatumia kushoto.

“Wewe umefanya kiwandani,” alisema. “Lakini kabla ya kiwanda ulifanya penye maji. Naona.”

“Umejuaje, Bibi?”

“Mama yangu alikuwa na mikono hiyo.”

Akaniambia. Baba yake alikuwa mvuvi kwenye pwani ya California, na mama yake alipanga samaki katika kiwanda cha makopo. Kipenga kikilia, saa yoyote, wanawake waliacha sufuria wakaenda. Halafu vita na Japani vikaanza. Serikali ikawakusanya watu wa asili yao wote wa pwani ile, hata watoto waliozaliwa Amerika kama yeye, ikawafungia jangwani katika mabanda ya mbao, waya kuzunguka, walinzi juu. Alikuwa na miaka saba. Mama yake aliwekwa jikoni mwa kambi, akikata samaki waliofika wameanza kuharibika, kwa ajili ya mamia ya watu. “Alikata vizuri hivyohivyo,” Bibi Hana alisema. “Kama wateja wanangoja.”

Nilicheka kidogo. Nilijua sana.

“Baba hakuwa nasi,” aliendelea. “Walimpeleka gereza jingine, akarudi baada ya miaka, kimya. Nikamchukia. Nilidhani alifanya kosa akatuponza. Alipokufa nilikuwa bado sijamsamehe. Kisha mama akafa, na shangazi ndiye akaniambia. Ramani za bahari na redio ya mashua, mama mwenyewe alizibeba mpaka polisi. Alifikiri wakiona hatufichi kitu watatuacha. Kesho yake wakaja kumchukua baba.”

Niliacha kisu.

“Simlaumu kwa ramani,” Bibi Hana alisema. “Mtu mwema hufanya hivyo. Namlaumu kwa kunyamaza. Nilikuwa naye miaka arobaini. Alininyima nafasi ya kumwambia haikuwa kosa lake.”

Nilimaliza samaki wake, nikamkaanga, nikamlisha Bibi. Kisha nikajifungia bafuni kwake na bomba limefunguliwa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na huo wangu nilikuwa nimeukalia miaka kumi na minane.

Jumamosi iliyofuata nilimwambia Neema anipeleke Buffalo. Njia ni saa tano, na nusu yake ya mwisho unakwenda karibu na ziwa kubwa ambalo ng'ambo yake haionekani. Sisi tulizoea kuona milima upande wa pili.

“Mom, what's in the cooler?”

“Samaki.”

“Uncle doesn't eat fish.”

“Najua.”

Yaya hali samaki. Tangu kambini alisema tumbo lake limewakataa, na huku anasema daktari amemkataza. Nilimwamini. Kila mtu ana lake.

Tulimkuta peke yake. Mke wake alikuwa shifti. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka weahausi, ghala anakofanya kazi, viatu vya kazi bado mguuni, mvi zimemjaa kabla ya wakati. Neema aliketi sebuleni na simu yake. Mimi nilikwenda moja kwa moja jikoni, nikamtoa samaki, nikampara. Yaya alisimama mlangoni.

“Mapendo, unajua mi sikulake samaki.”

Nilikuwa nimejiandaa kusema njia nzima, na maneno yote yalikuwa yameniishia. Nikampasua samaki mgongoni. Nikahamishia kisu mkono wa kushoto. Nikakata mbili mkiani na moja shingoni.

Nyuma yangu viatu vya Yaya vilipiga hatua moja.

“Nilikata hizi kule kifungoni,” nilisema, nikitazama sinki. “Katika samaki waliopanda milimani. Nilitaka mama ajue niko mzima. Alishuka kwa sababu yangu, Yaya. Haikuwa chumvi.”

Nikasikia kiti kikivutwa.

“Najua haikuwa chumvi,” Yaya alisema. “Ile chumvi ni mimi nilitunga.”

Nikageuka. Alikuwa amekaa, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini.

“Ni mimi nilinunua ile samaki ku soko. Nikaona chale, nikakimbia mbio kumuonyesha. Donc, ni mimi. Akasema anashuka kukutafuta. Nikasema, tuende wote. Akasema hapana, mwanaume banamuua, mama muzee banamuacha. Na mimi…” Aliangalia viatu vyake. “Nilikubali, Mapendo. Nilikubali mbio. Nilimuacha ashuke peke yake.”

Basi hicho ndicho kilichokuwa tumboni mwake miaka yote, na mimi nikidhani ni ugonjwa. Vibanda vyetu vilitazamana miaka kumi na moja, kila mmoja akimwogopa mwenzake, kila mmoja ameshika nusu ya samaki mmoja.

Nilimuuliza jambo ambalo sikujua kwamba nilitaka kulijua.

“Mama alisema nini alipomwona yule samaki?”

Uso wa Yaya ulifunguka kidogo.

“Aligeuza ile samaki huku na huku. Akasema: ‘Angalia huyu. Hata kifungoni anakata na kushoto!’ Akacheka. Tangu tukimbie alikuwa hajacheka. Alicheka mpaka akakaa chini.”

Hapo nililia. Nililia kwa sauti, sauti ambayo sikuitoa barabarani siku ile, mpaka Neema akaja mbio jikoni kuuliza kuna nini. Yaya alilia pia, bila kufuta.

Nimejaribu kuupima msiba huu. Chale zangu zilimwita mama, na zilimpa siku moja ya kujua kwamba mwanawe yu hai. Siwezi kuyaweka hayo mawili kwenye mizani moja. Aliyempiga risasi ni mtu mwenye bunduki, hilo najua, na Yaya sasa analijua. Lakini kujua hakumrudishi, na kaburi lake liko kando ya barabara bila jina, mimi peke yangu nikijua mahali.

Nilimkaanga samaki, nikapika bugali. Tulikaa watatu mezani, dirisha limejaa mwanga wa mchana. Yaya alimega kipande, akakitazama muda mrefu, akakiweka mdomoni. Alitafuna macho yamefumba. Akamega kingine. Tukala mpaka sahani ikabaki na miba na kichwa.

Neema alituangalia mmoja mmoja, akanyoosha uma.

“So nobody's eating the head?”

“Acha,” Yaya alimwambia. “Iko na mwenyewe.”